Udongo Unaoondoka Kando ya Timbo: Kinachoifunika Ardhi na Kinachoiacha Uchi

Asubuhi moja ya mwezi wa Mei, baada ya mvua iliyonyesha usiku kucha, nilisimama kando ya timbo la mawe lililo kilimani upande wa Mazeras, nikachutama ili niitazame ardhi kwa karibu. Lundo la kifusi lililomwagwa hapo tangu kiangazi lilikuwa limejaa vinguzo vidogo vya udongo, na juu ya kila kinguzo palikuwa na kokoto moja, mithili ya mtu aliyejitwika mzigo kichwani. Nilivipima vichache kwa njiti ya kiberiti, nikaona vingi vinafika nusu ya njiti, yaani kiasi cha sentimita 2. Kokoto ilikuwa imeukinga udongo ulio chini yake usipigwe na matone ya mvua, na udongo wa pembeni, ambao haukuwa na kinga yoyote, ukachukuliwa na maji. Kwa hiyo urefu wa kinguzo ni kipimo cha udongo ulioondoka pembeni yake. Sentimita 2 huonekana ni kidogo, lakini katika eneo la mita moja ya mraba ni lita 20, ujazo wa mtungi mmoja wa maji kama ile inayosukumwa kwa mikokoteni katika mitaa yetu ya Mombasa. Lundo lile lilikuwa na mamia ya mita za mraba.

Hatua kumi kutoka pale, kwenye mteremko uleule, palikuwa na kipande cha ukoka ambacho malori yalikuwa hayajakikanyaga. Niliyatenganisha majani kwa vidole nikitafuta vinguzo kama vile, nisione hata kimoja. Udongo ulikuwa umelowa, umejaa matundu ya wadudu, na maji machache yaliyokuwa yakichuruzika kutoka humo yalikuwa maangavu. Mvua ilikuwa moja, na kilima kimoja, na mwamba ulio chini ni mmoja. Kilichotofautiana ni kile kilichoifunika ardhi.

Watu wengi tunasema kwamba uchimbaji huleta mmomonyoko wa udongo, na kauli hiyo ni ya kweli, ila imekusanya mambo mengi mahali pamoja hata haimsaidii mtu anayetaka kujua afanye nini. Ninachotaka kukieleza hapa ni kwamba shimo lenyewe, ambalo ndilo linaloonekana na ndilo linalolaumiwa, mara nyingi halitoi udongo mwingi kuliko ardhi iliyovuliwa uoto wake pembezoni mwa shimo hilo: malundo ya kifusi, njia za malori, viwanja vya kupasulia kokoto, na mashamba yaliyosogezwa kwenye miteremko mikali kwa sababu ardhi tambarare imeshachimbwa. Kiasi cha udongo unaopotea katika sehemu hizo hutegemea kwanza ni nini kinachoigusa ardhi, kisha kinaigusa wakati gani wa mwaka, na tatu kama maji yakishachukua udongo yana njia ya kufika nao mtoni.

Kabla ya kuendelea, inafaa kutenganisha maneno mawili ambayo mara kwa mara huchanganywa. Matumizi ya ardhi ni kile ambacho watu wanakifanya mahali fulani: kulima, kuchunga, kujenga, kuchimba. Kifuniko cha ardhi ni kile kilichopo juu yake kwa hakika, ambacho mtu akitazama kutoka angani atakiona: nyasi, miti, maji, mwamba mtupu, mabati. Eneo lenye leseni ya kuchimba mawe ni aina moja ya matumizi, lakini ndani yake mna vifuniko vingi tofauti, na mvua haisomi leseni. Hukutana na kile kilichopo.

Tone kubwa la mvua, lenye kipenyo cha milimita 5 hivi, hufika chini kwa kasi ya karibu mita 9 kwa sekunde. Likipiga udongo mtupu huvunja mabonge madogo ya udongo na kurusha chembe pande zote. Ndiyo maana kuta za nyumba zilizopakwa chokaa huku kwetu huwa na madoa ya tope hadi usawa wa magoti wakati wa masika. Chembe ndogo kabisa huziba matundu ya udongo, na baada ya dakika chache juu ya ardhi hutandazika utando mwembamba unaozuia maji yasipenye. Maji yaliyokuwa yaingie ardhini sasa hutiririka juu yake, hupata kasi kadiri mteremko unavyorefuka, huchonga vijifereji, na vijifereji vikikutana huzaa makorongo. Mambo yote haya huanza na pigo la tone, na kifuniko cha ardhi hulipokea pigo hilo kabla halijaufikia udongo. Kazi yake ya pili ni kuyachelewesha maji yanayotiririka, kwa mashina, majani makavu na vijiti, hadi yakakosa nguvu ya kubeba kitu. Ya tatu hufanyika chini: mizizi huushika udongo, na ikioza huacha mirija ambayo maji huingilia.

Ukubwa wa athari ya kifuniko unaweza kuonyeshwa kwa namba. Wataalamu wawili wa Marekani, Walter Wischmeier na Dwight Smith, walikusanya vipimo vya miaka mingi kutoka viwanja vya majaribio na kutunga mlinganyo wa kukadiria upotevu wa udongo, ambao kitabu chake cha mwongozo kilitolewa mwaka 1978 na bado ndio msingi wa tafiti nyingi, zikiwemo zinazofanywa katika maeneo ya machimbo. Mlinganyo huo huzidisha vigezo kadhaa: nguvu ya mvua, wepesi wa udongo kumomonyoka, urefu na ukali wa mteremko, kifuniko cha ardhi, na hatua za kuhifadhi kama vile matuta. Neno la kuzingatia ni kuzidisha. Vigezo havijumlishwi, kila kimoja hukuza au hupunguza vyote vingine, kwa hiyo kimoja kikishuka hadi karibu na sifuri hushusha jawabu zima.

Katika jedwali la wataalamu hao, ardhi ya malisho isiyo na miti wala nyasi, ambayo haijalimwa hivi karibuni, ina kigezo cha kifuniko cha 0.45. Nyasi zikifunika asilimia 20 ya ardhi hiyo, kigezo hushuka hadi 0.20. Zikifika asilimia 40 huwa 0.10, asilimia 60 huwa 0.042, asilimia 80 huwa 0.013, na zikifunika karibu ardhi yote, asilimia 95 au zaidi, kigezo huwa 0.003. Tazama jinsi namba hizo zinavyoshuka. Kutoka ardhi tupu hadi ardhi iliyofunikwa kikamilifu, upotevu hupungua mara 150, jambo ambalo hakuna ukuta wa mawe wala mtaro wa saruji utakaolifanya kwa gharama ileile. Lakini linalonigusa zaidi ni mwanzo wa safari hiyo: kufunika asilimia 40 tu, yaani kuacha zaidi ya nusu ya ardhi ikiwa bado inaonekana, tayari huokoa karibu sehemu nne kati ya tano za udongo uliokuwa upotee. Mwenye timbo anayesema hawezi kurudisha msitu, na kwa hiyo hafanyi lolote, anakosea hesabu mahali penye faida kubwa kuliko zote.

Namba hizo zinahusu kile kinachoigusa ardhi, na hapa ndipo mipango mingi ya kupanda miti hupotoka. Mti mrefu hulizuia tone la mvua, lakini maji hukusanyika majanini, hudondoka tena yakiwa matone makubwa, na tone linaloanguka kutoka urefu wa mita 7 hurudia zaidi ya asilimia 90 ya kasi yake ya awali. Kama chini ya mti hakuna kitu, udongo hupigwa karibu sawa na ule wa uwanjani. Nimeona miarobaini mikubwa, ile ambayo wazee wengine huiita mikilifi, imesimama juu ya mizizi yake kama meza juu ya miguu, kwa sababu kila alfajiri uwanja hufagiwa hadi majani yote yakaisha, na kila masika huondoka na tabaka jingine la udongo. Kufagia uwanja ni adabu yetu na sina nia ya kuibeza. Natoa mfano wa jinsi kivuli kinavyoweza kuwepo na kinga isiwepo. Picha ya setilaiti ingeliita eneo hilo kijani kibichi.

Turudi kwenye timbo. Shimo lililochimbwa kwenda chini, kuta zake zikiwa zimelizunguka pande zote, huwa bakuli. Udongo unaomomonyoka ndani yake hutua chini yake, na maji hayana pa kutokea. Hilo haliliondolei shimo hatari zake nyingine, kwa maana watoto huzama humo na mbu huzaana, lakini kwa upande wa mmomonyoko limejifungia. Kifusi ni habari nyingine. Lori likimwaga kifusi, hukaa kwa mwinamo wa nyuzi 35 hivi, mkali kuliko mteremko wowote ambao mkulima mwenye busara angeulima, na udongo wake ni mchanganyiko wa chembe zisizoshikana kwa kuwa hauna mboji wala mizizi. Kigezo cha mteremko kiko juu, kigezo cha udongo kiko juu, na kigezo cha kifuniko kiko juu kuliko vyote. Vikizidishwa pamoja hutoa vile vinguzo nilivyovipima.

Njia ya malori ndiyo inayosahauliwa kabisa, labda kwa sababu haionekani kuwa sehemu ya uchimbaji. Magurudumu huugandamiza udongo hadi maji yakashindwa kupenya, na juu yake huacha vumbi laini ambalo mvua ya kwanza hulichukua lote. Isitoshe, njia hushuka kilima moja kwa moja, kwa sababu dereva hutafuta njia fupi, na mitaro yake hufikisha maji kwenye daraja au kalavati, hivyo ikawa mfereji unaounganisha timbo la juu na kijito cha chini. Shamba tupu lililo mbali na mto, likitenganishwa na mto huo na ukanda wa vichaka, hupoteza udongo wake lakini mwingi hunaswa vichakani. Njia ya lori haina kichaka cha kuunasa udongo wake. Ndiyo sababu kilomita moja ya njia mbaya inaweza kumchafulia maji mtu wa bondeni kuliko shimo zima lililo juu yake.

Jambo la tatu ni la watu. Timbo likifunguliwa huvuta vibarua, wachuuzi wa chakula na wapasua kokoto, ambao wengi wao ni kina mama wanaokaa juani tangu asubuhi na nyundo mkononi, na wote hao wanahitaji kuni, makaa na mahali pa kujenga. Kule kunakochomwa chokaa, tanuri hutaka kuni nyingi zaidi. Vichaka huondoka taratibu nje ya mipaka ya leseni, pasipo tingatinga hata moja kuingia, na mtafiti anayelinganisha picha za miaka tofauti huona duara la ardhi tupu likipanuka kuzidi eneo lililochimbwa. Sioni haki ya kumlaumu mama anayetafuta kuni. Nasema tu kwamba anayekadiria athari za timbo kwa kupima shimo lake amepima kipande cha ndani cha jambo kubwa.

Mwamba nao una neno lake, na Mombasa ni mahali pazuri pa kulishuhudia, kwa sababu katika safari ya nusu saa kutoka ufukweni kwenda bara mtu huvuka aina kadhaa za miamba. Kisiwa chenyewe na ukanda wa pwani wa Nyali, Bamburi hadi Mtwapa umekaa juu ya jiwe la matumbawe, ambalo lina matundu mengi na hunywa maji ya mvua karibu yote. Timbo la matumbawe halitoi tope jingi. Tatizo lake ni kwamba linaacha sakafu ya jiwe jeupe lisilo na udongo wowote. Ukifika Changamwe, Miritini na Jomvu, chini kuna mwamba laini wa tope la kale lililogandamana, ambao ukiwekwa wazi juani na mvuani humeguka vipande vipande, kisha huwa udongo mzito usiopitisha maji. Huko kila kilichovuliwa uoto huteleza. Zaidi ya hapo, kuelekea Mazeras na Mariakani, kuna mawe ya mchanga, yale tunayotandika sakafuni na kwenye vijia, na udongo wake ni wa kichanga, mwepesi kuchukuliwa. Na kusini na kaskazini ya mji kuna mchanga mwekundu unaoitwa wa Magarini; anayetaka kujua mchanga huo hufanya nini ukikosa kifuniko aende Marafa, kaunti ya Kilifi, akaangalie magenge yaliyochongwa na mvua.

Mchanga wa aina hiyohiyo ndio uliochimbwa na kampuni ya Base Titanium huko Kwale kuanzia mwaka 2013 hadi mwisho wa mwaka 2024, kwa ajili ya madini ya ilmenaiti, rutaili na zirikoni yaliyopakiwa melini Likoni. Uchimbaji wa namna hiyo huiondoa ardhi yote ya juu, hutenganisha madini yaliyo sehemu ndogo ya mchanga, kisha hurudisha mchanga mwingi mahali pake. Kwa hiyo swali la kifuniko hapo halikwepeki: ardhi iliyorudishwa ni mchanga uliooshwa, na usiporejeshewa udongo wa juu na mimea hauna chochote cha kuushika.

Udongo huo wa juu unastahili sentensi zake. Ni tabaka jembamba, mara nyingi halifiki urefu wa mkono kutoka kiganjani hadi kwenye kiwiko, na ndani yake mna mboji, mbegu, vijiumbe visivyoonekana kwa macho, na wadudu ambao ndio uhai wa ardhi. Asili huchukua mamia ya miaka kutengeneza sentimita chache za tabaka hilo. Mchimbaji makini huukwangua kwanza, huuweka peke yake mbali na kifusi, katika malundo mafupi, hupanda nyasi juu yake, na huutumia mapema. Ukirundikwa juu sana au ukaachwa miaka mingi, mbegu hufa na vijiumbe hukosa hewa, na kinachorudishwa huwa vumbi lenye rangi ya udongo. Ukichanganywa na kifusi siku ya kwanza, hakuna atakayeutenganisha tena.

Inawezekana kuanza bila udongo kabisa, na mfano wake uko hapa mjini. Kiwanda cha saruji cha Bamburi kilianza kazi mwaka 1954, na matimbo yake ya matumbawe yakabaki sakafu tupu yenye joto kali na maji ya chumvichumvi karibu na juu. Mwaka 1971 mtaalamu wa kilimo mzaliwa wa Uswisi, René Haller, alianza kujaribu kupanda miti humo. Kati ya aina 26 zilizojaribiwa, 3 pekee ndizo zilizostahimili, na mmoja wao, mvinje, ndio ulioleta mabadiliko. Mvinje huishi na bakteria mizizini wanaochukua naitrojeni kutoka hewani, kwa hiyo hauhitaji udongo wenye rutuba. Lakini majani yake, yaliyo kama sindano, hayakuoza. Yalirundikana chini, makavu, hadi walipoletwa majongoo wekundu wa pwani, ambao waliyala na kuyageuza kuwa mboji. Mboji hiyo ndiyo iliyopokea mimea mingine. Leo mahali hapo ni bustani ya Haller, na wageni huenda kumtazama kiboko na twiga. Mimi huwa natazama chini. Zulia la sindano za mvinje, hata kabla ya jongoo kulifikia, lilikuwa tayari ni kifuniko, na mahali penye mteremko hilo lingetosha kunyamazisha tone la mvua.

Suala la wakati ni gumu zaidi kuliko linavyoonekana. Uoto wa pwani haufuati kalenda ya mvua kwa usawa. Upepo wa kaskazi ukivuma, kuanzia Desemba hadi Machi, ardhi hukauka, mbuzi humaliza nyasi zilizobaki, na mwishoni mwa Machi miteremko mingi ya Jomvu na Mazeras huwa imevuliwa nguo. Kisha masika huingia, na Mei, mwezi wetu wenye mvua nyingi kuliko yote, huufuata muda ambao ardhi imekuwa dhaifu kabisa. Nyasi huchipua haraka, lakini wiki tatu au nne za mwanzo ndizo zinazobeba hasara. Kwa sababu hiyo wastani wa kijani cha mwaka mzima hudanganya: vilima viwili vinaweza kuwa na wastani sawa, kimoja kikiwa na manyasi makavu yaliyosimama wakati mvua ya kwanza inapofika, na kingine kikiwa kimechomwa moto Februari. Upotevu wao hautakaribiana.

Udanganyifu huo hutufikisha kwenye setilaiti, ambazo ndizo macho ya tafiti nyingi za siku hizi. Setilaiti za Landsat zimekuwa zikipiga picha dunia tangu mwaka 1972, na Sentinel-2 za Ulaya tangu mwaka 2015, na picha zake hupatikana bila malipo. Mimea hai hufyonza mwanga mwekundu na kuakisi sana mwanga wa karibu na wekundu ambao jicho halioni. Kwa kulinganisha viwango hivyo viwili mtafiti hupata kipimo cha ukijani, hukigeuza kuwa kigezo cha kifuniko, hukizidisha na ramani za mvua, udongo na miteremko, na hupata ramani ya upotevu wa udongo. Kazi hiyo ina thamani kubwa, hasa kwa maeneo yenye historia ndefu ya uchimbaji, kwa kuwa hakuna aliyekwenda kuweka vipimo ardhini miaka 30 iliyopita. Hata hivyo msomaji wa ramani hizo ajue mambo machache. Pikseli moja ya Landsat, yaani nukta ndogo kabisa ya picha yake, ni mraba wa mita 30, yaani mita za mraba 900, na njia ya lori yenye upana wa mita 6 humezwa humo pamoja na vichaka vya pande zote mbili. Majani makavu yaliyotandazika chini, ambayo ni kinga bora, hayahesabiwi kuwa kijani. Tena mlinganyo wenyewe ulitungwa kwa mmomonyoko wa utando, yaani ule unaobandua tabaka jembamba la udongo wa juu, na wa vijifereji. Haupimi makorongo, wala kingo za mto zinazoporomoka baada ya mchanga kuchotwa, wala hausemi ni kiasi gani cha udongo uliong'oka kinafika mtoni. Karibu na machimbo, ambako makorongo na njia za malori ni vitu vya kawaida, ramani huelekea kuonyesha pungufu ya hali halisi.

Udongo huo unapofika chini, kwetu chini ni bahari. Mito ya Mwache na Kombeni humwaga maji yake katika hori zinazokizunguka kisiwa, palipo na mikoko, samaki wachanga, na upande wa Port Reitz, bandari. Mvua za El Niño za mwaka 1997 hadi 1998 zilishusha Mwache mashapo mengi kiasi kwamba mizizi ya mikoko, ambayo mti huo huitumia kupumulia juu ya tope, ilifukiwa, na sehemu kubwa ya mikoko hiyo ikafa imesimama. Itakuwa kukosa haki kuyabebesha matimbo lawama ya tukio hilo, kwa maana bonde la Mwache ni pana na sehemu yake kubwa ni mashamba na malisho. Nalitaja kwa sababu linaonyesha ukomo: mkoko hupokea tope na hata hulihitaji kidogo, lakini likija kwa mkupuo huuzika ukiwa hai. Kila lundo lisilofunikwa huongeza kitu katika mkupuo huo.

Sheria haikosekani. Sheria ya mazingira ya mwaka 1999 inataka tathmini ya athari kabla ya kuchimba, na Sheria ya Madini ya mwaka 2016 inamtaka mwombaji wa leseni ya utafutaji au uchimbaji aweke dhamana ya fedha kwa ajili ya kurekebisha ardhi. Lakini timbo dogo la mawe linaloendeshwa na familia mbili au tatu lina namna ya kupita kando ya yote hayo, na ndilo lililo jirani na wengi wetu.

Kwa timbo kama hilo, kazi zenye faida kubwa ni chache, na zinafanywa kabla ya mwisho wa Machi. Lundo la kifusi lilazwe, mwinamo wake upungue, na katikati yake ukatwe mtaro mlalo wa kuyavunja maji mbio. Juu yake yatandazwe matawi, makuti yaliyochakaa na mabua, hata kama hakuna mbegu moja iliyopandwa, kwa sababu matandazo huanza kazi siku ileile yanapowekwa na nyasi huhitaji wiki kadhaa. Ukoka upandwe kwa vipandikizi mvua ya kwanza ikishalowesha ardhi. Njia ya lori ikatizwe na vituta vya mshazari kila baada ya hatua kadhaa, ili maji yageuzwe kichakani badala ya kushuka nayo. Na ukanda wa vichaka kati ya timbo na kijito usiguswe kwa kuni wala kwa kokoto. Upana wa mita chache hunasa tope ambalo chini zaidi lingehitaji bwawa.

Anayetaka kujua kama kazi hizo zimefaa hahitaji setilaiti. Achukue misumari mirefu ya inchi 6, aivike kila mmoja washa, yaani kipete bapa cha chuma chenye tundu katikati, aipigilie katika mstari kuanzia kileleni mwa lundo hadi chini, washa ikiwa imelala sawa na ardhi na kichwa cha msumari kikiwa kimebaki juu kwa kipimo anachokiandika daftarini. Mvua kubwa ikipita, washa itakuwa imeshuka pamoja na ardhi pale udongo ulipoondoka, na itakuwa imefukiwa pale udongo ulipotua. Mimi niliweka 12 kwenye lundo lile la Mazeras, sita kwenye kifusi kitupu na sita mahali ambapo vijana wa timbo walikubali tutandaze makuti. Nitaisoma mwisho wa Juni, masika yakishapungua.